Ndugu sita, nani atoe uboho?

Shikamoo Bi Nesi. Kaka yangu ni seremala wa milango ya nakshi hapa Langoni, Lamu. Miaka mitatu nyuma aliugua limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, ile iitwayo ya seli kubwa B. Alipewa kemo, zile dawa kali za saratani, mara sita akapona, sasa vinundu vimemrudia shingoni. Daktari asema apewe kemo nyingine, kisha apandikizwe seli shina, zile za ubohoni zinazozalisha damu. Tuko ndugu sita, twabishana nani atatoa uboho, na mama ameapa hakuna mwanawe mzima atakayepasuliwa. Tufanyeje?
Dada mtu, Lamu

Marahaba mwanangu. Mwambie mama atulie, hakuna wa kupasuliwa, na pengine hakuna hata mmoja wenu atakayeitwa. Limfoma hiyo ikirudi, kwa kawaida hutumika seli za mgonjwa mwenyewe. Hudungwa sindano siku kadhaa ili seli shina zitoke ubohoni ziingie kwenye damu, kisha mashine huzichuja na kumrudishia damu iliyobaki. Seli hizo hugandishwa. Ndipo hupewa kemo kali mno, inayoua ugonjwa na kufagia uboho pia, halafu seli zake humwingia kwa mrija kama mtu aongezwaye damu. Siku hiyo chumba chote hunuka kitunguu saumu kwa sababu ya dawa iliyohifadhia seli. Mgonjwa wangu mmoja aliniuliza nani anapika.

Ubishi wenu upelekeni kwa daktari, kwa swali hili: je, kemo ya sasa inavipunguza vinundu? Katika utafiti mashuhuri uliochapishwa 1995, kwa wagonjwa ambao kemo ilivipunguza vinundu vyao, baada ya miaka 5 asilimia 46 ya waliopangiwa kupandikizwa walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa. Walioendelea na kemo tu walikuwa asilimia 12. Dawa zimebadilika tangu hapo, lakini sharti la kemo kuvipunguza vinundu kwanza lipo bado. Vinundu vikikataa kupungua, ulizeni njia nyingine kabla ya kuuza shamba.

Akirudi nyumbani, kinga yake itakuwa ya mtoto mchanga. Hata chanjo za utotoni hurudiwa. Nanyi watu wa Lamu kwa kumjazia mgonjwa wageni! (Sisi wa Malindi hatuna nafuu.) Mwenye mafua asipande ngazi. Na karakana je? Vumbi la mbao hubeba ukungu unaoingia mapafuni, kwa hivyo patasi zake mpeni mwanafunzi wake kwa miezi kadhaa, na mlango wa mbambakofi ulioagizwa usubiri mpaka daktari aseme.