Kikohozi Changu Hakikuwa Kifua Kikuu

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Shikamoo mama. Mama yangu anakohoa mwaka wa tatu sasa. Makohozi yamepimwa mara nne, TB hakuna. Tumfanyeje?" Machozi yalinitoka, maana mama huyo ni mimi kabisa.

Nilikuwa mama ntilie kwa miaka 22. Mafiga matatu, banda la mabati lisilo na dirisha, masika kuni mbichi. Sigara sijawahi kuitia mdomoni. Kikohozi cha asubuhi sikukijali, kila mpishi pale alikuwa nacho. Baadaye nikaanza kuhema: ndoo moja ya maji, niko chini. Makohozi hayakuonyesha kitu, lakini nikaanzishiwa dozi ya kifua kikuu, miezi 6. Nikaimaliza, kikohozi kikabaki.

Nyumbani wifi yangu akafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe changu, kile cha bati cha bluu kilichobanduka rangi ukingoni. Hakusema neno. Nilikinywea chai mwaka mzima, watoto wakitazama. Na hata TB yenyewe haiambukizwi kwa kikombe! Nimesamehe, ila bado kunauma.

Aliyeniambia ukweli ni daktari aliyenipulizisha spirometa, mashine ya kupima pumzi. Unajaza hewa kifuani, unaitoa kwa nguvu zako zote mpaka iishe, unavuta dawa ya kufungua njia za hewa, unapuliza tena. Kama hata baada ya dawa hewa ya sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya hewa yote uliyotoa, njia zimeziba. Akautaja: ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Hauambukizi. Wala hauponi, lakini unaweza kuupunguza kasi.

Nikauza meza mbili na masufuria, nikanunua mtungi wa gesi. Hilo ndilo la kwanza na ndilo kubwa: toka kwenye moshi. Dawa nazo zina namna yake. Miezi mingi pampu ya kuvutia dawa niliibonyeza ovyo, dawa ikaishia ulimini, mpaka nesi mmoja akakaa nami: itikise, toa hewa, bonyeza huku ukianza kuvuta taratibu, kisha ibane hewa mpaka uhesabu 10. Kifua kikibana, vuta kwa pua, toa polepole midomo imebanwa kama anayepoza uji. Tena tembea kila siku. Mimi nilianza na safari ya hadi mwembe wa jirani, nikirudi nimeshika ukuta. Jumapili iliyopita nimetoka kituo cha daladala mpaka kwa binti yangu na mkungu mdogo wa ndizi mkononi, sikukaa popote.

Dada zangu mnaopika, moshi si sifa ya mpishi. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, nami naliombea hilo usiku na mchana, lakini mapafu yako hayatasubiri mwaka huo. Huna pesa ya gesi? Toa jiko nje leo, penye upepo. Mtoto mgongoni mtoe pale motoni. Toka kwenye moshi!

Na wewe mwanangu, mpeleke mama hospitali ya rufaa, uliza spirometa kwa jina lake. Waambie amepikia kuni miaka mingapi, wasipouliza wewe sema. Ukirudi nyumbani, angalia kikombe anachonywea.