Gitaa la Umeme kwa Akiba Ndogo: Fedha Iende Wapi Kwanza?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali, yaani jinsi ya kupata gitaa la umeme linalofaa bila kutumia fedha nyingi. Tumechagua tatu. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa kuwa inagusa karibu kila anachohitaji kujua mnunuzi wa mara ya kwanza.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimepiga gitaa kavu kwa miaka miwili na sasa natamani gitaa la umeme. Akiba yangu ni ndogo, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake: mmoja anasema nitazame mbao, mwingine jina la kampuni, na muuzaji ananihimiza nichukue kifurushi chenye gitaa, amplifaya, waya na mfuko kwa pamoja. Napenda solo za rumba, ila roki nayo naipenda. Nianze kutazama wapi?

Jibu: Marahaba. Anza na shingo ya gitaa, kisha uangalie kama nyuzi zinatulia pale ulipozityuni. Mengine yote, pamoja na jina lililoandikwa kichwani, yafuate baadaye. Nasema hivi kwa sababu mbao, ambazo katika gitaa kavu ndizo zinazotoa sauti, katika gitaa la umeme hazina uzito ule ule. Gitaa kavu husikika kwa kuwa nyuzi hutikisa ubao wa mbele, nao ubao ukaisukuma hewa. Katika gitaa la umeme, uzi wa chuma hutikisika juu ya pikapu, ambayo ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu, na mtikisiko huo huzalisha mkondo mdogo sana wa umeme unaokuzwa na amplifaya. Ndiyo maana ukifunga nyuzi za nailoni juu ya pikapu ya sumaku hutasikia kitu. Wapigaji hubishana mno juu ya mchango wa mbao katika sauti ya gitaa la umeme, nami siwadharau wanaosikia tofauti, lakini mwenye akiba ndogo akilipia mbao za fahari huwa ameiondoa fedha mahali ilipohitajika zaidi.

Nina sababu ya kulisisitiza jambo la shingo. Gitaa langu la kwanza la umeme nilililipia kwa ajili ya rangi yake. Nyuzi zilikuwa juu mno, vidole viliniuma, na hata nilipobana barabara noti zilitoka zikiwa zimepanda kidogo kuliko zilivyopaswa, nami kwa miezi mingi niliamini kwamba sikio langu ndilo bovu. Fundi alipochimba kidogo mifereji ya kile kipande kilicho mpakani mwa shingo na kichwa, akashusha na daraja, yaani kile kipande cha mwilini kinachoshikilia nyuzi, gitaa lile lile likawa jingine. Nimewaona wanafunzi wengi walioacha kupiga kwa sababu kama hiyo, wakijilaumu wenyewe kwa kosa la chombo, na kila mara jambo hilo hunihuzunisha.

Kwa hiyo ukilishika gitaa dukani, kabla hata ya kulichomeka kwenye amplifaya, pitisha kiganja ukingoni mwa shingo kutoka juu hadi chini ili usikie kama ncha za freti, vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, zinakwaruza. Kisha ubane uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti iliyo pale shingo inapoungana na mwili kwa mkono mwingine, utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Panapaswa kuwa na upenyo mwembamba, kama unene wa karatasi ngumu. Upenyo ukiwa mkubwa, shingo imepinda mbele. Usipokuwapo kabisa, huenda imepinda nyuma. Hilo pekee lisikukimbize, kwa kuwa ndani ya shingo nyingi mna fimbo ya chuma ambayo fundi huikaza au kuilegeza ili kuinyoosha. Pima pia kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: milimita 1.5 hadi 2 huwafaa wapigaji wengi, na zikizidi 3 uulize kama daraja bado lina nafasi ya kushushwa. Baada ya hapo piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, hata kama muuzaji anakutazama kwa kuchoka, ukisikiliza noti inayovuma vibaya au inayokufa mapema.

Jaribio la kutyuni ni rahisi na wengi hulisahau. Tyuni gitaa vizuri, uvute kila uzi pembeni kwa nguvu mara kadhaa, kisha upime tena. Nyuzi mpya hulegea kidogo, na hilo ni la kawaida. Lakini ukisikia mlio mdogo wa kukwama na kuachia unapozungusha vikazio vya nyuzi kichwani, ujue mifereji ya kile kipande cha juu imebana nyuzi, na kabla hujalipa uhakikishe kwamba duka litakubali kukirekebisha.

Kuhusu pikapu, zipo za aina mbili utakazokutana nazo mara nyingi. Yenye koili moja, yaani mzingo mmoja wa waya, hutoa sauti angavu inayotenganisha noti, na kwa solo za rumba unazozipenda ndiyo sauti ninayoipendekeza, ila nayo hunasa mvumo wa umeme wa nyumbani, ule wa hezi 50 au 60 kutegemea nchi. Yenye koili mbili, ambayo Seth Lover aliibuni katika kampuni ya Gibson mnamo mwaka 1955, ina koili zilizopangwa kinyume ili mvumo huo ujifute wenyewe. Sauti yake ni nene zaidi, na ukiongeza ukali wa roki haipotei katika kelele. Kwa kuwa wewe unazitaka zote mbili, tafuta gitaa lenye pikapu ya koili mbili karibu na daraja na mbili za koili moja, moja katikati na nyingine karibu na shingo. Pacifica 112 ya Yamaha ina mpangilio huo, na katika magitaa ya bei nafuu ni miongoni mwa yale ninayoyapendekeza bila wasiwasi.

Majina mengine unayoweza kuyatazama ni Squier, ambayo ni ya Fender na huunda magitaa ya umbo la Stratocaster na Telecaster kwa bei ya chini. Epiphone, iliyonunuliwa na Gibson mwaka 1957, ambayo huunda ya umbo la Les Paul. Pamoja na Ibanez, na Cort ya Korea Kusini, ambayo kwa muda mrefu imeunda magitaa hata kwa ajili ya chapa nyingine. Viwanda vingi siku hizi hukata shingo na miili kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, na kwa sababu hiyo gitaa la bei ya chini la leo hukatwa kwa usahihi ambao zamani ulihitaji fundi mwenye uzoefu na saa nyingi za kazi. Kinachopunguzwa ili bei ishuke ni umaliziaji: freti hazisuguliwi vya kutosha, vikazio ni vya bei rahisi, na kimo cha nyuzi hakirekebishwi. Hivyo magitaa mawili ya toleo moja, yaliyotundikwa ukutani bega kwa bega, yanaweza kutofautiana sana, na heri ulijaribu lile hasa utakalolibeba kuliko kuagiza jina.

Urefu wa uzi unaotikisika nao uuzingatie. Katika magitaa ya umbo la Stratocaster huwa inchi 25.5, takriban milimita 648, na katika yale ya umbo la Les Paul ni karibu inchi 24.75. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ule mfupi hulegeza nyuzi kidogo na kusogeza freti karibu, jambo ambalo mwenye vidole vifupi atalifurahia.

Daraja liwe lile lisilosogea, au lile la kawaida lenye mkono wa kutikisia sauti ambalo fundi anaweza kukaza springi zake mpaka likalale juu ya mwili. Lile linaloelea na kufunga nyuzi kwa skrubu pande zote mbili, maarufu kwa jina la Floyd Rose, ni uvumbuzi mzuri likiundwa kwa chuma bora. Katika gitaa la bei ya chini mara nyingi chuma chake ni laini na kingo zake huisha upesi, na kubadilisha uzi mmoja tu huvuruga sauti ya zingine zote.

Sasa kifurushi. Kwa kawaida amplifaya inayowekwa humo ni ndogo mno na sauti yake ni nyembamba, nawe utaihukumu sauti ya gitaa lako kwa makosa ya spika. Mimi hushauri mtu agawe akiba yake hivi: kama sehemu sita katika kumi ziende kwenye gitaa, tatu kwenye amplifaya, na moja ibaki kwa ajili ya waya imara, nyuzi za akiba na malipo ya fundi wa kuliweka gitaa sawa. Amplifaya ya wati 10 hadi 20 yenye tundu la hedifoni inatosha kabisa kwa chumba cha mazoezi. Usilichomeke gitaa moja kwa moja kwenye redio ya nyumbani ukitarajia sauti nzuri, kwa kuwa mkondo wake ni dhaifu na tundu la redio halikuundwa kuupokea. Sauti hutoka hafifu na iliyofifia. Kama una kompyuta, kifaa kidogo cha kuingizia sauti pamoja na programu inayoiga amplifaya kinaweza kuchukua nafasi ya amplifaya kwa muda.

Swali: Ndugu Mhariri, nimepata mtu anayeuza gitaa la umeme lililotumika kwa miaka kadhaa, na bei yake ni karibu nusu ya jipya. Nikague nini kabla ya kulipa?

Jibu: Ukaguzi tulioueleza hapo juu uufanye wote, kisha uongeze mambo ambayo umri huleta. La kwanza ni ile fimbo ya chuma ndani ya shingo. Mwombe mwenye gitaa aizungushe mbele yako kidogo tu, robo ya mzunguko haina haja ya kuzidi. Ikiwa haizunguki, au kichwa chake kimelika, liache gitaa hilo hata likipunguzwa bei mara ya pili, kwa sababu ukarabati wake unaweza kuzidi thamani ya gitaa lenyewe. Freti nazo uzitazame chini ya nyuzi nyembamba, hasa tatu au nne za kwanza, ambako vidole hukaa sana. Mikwaruzo midogo husuguliwa ikaisha, lakini mashimo yanayokamata ukucha yanadai freti mpya, na hiyo ni kazi ya gharama.

Katika magitaa ambayo kichwa chake kimeinama nyuma, kama yale ya umbo la Les Paul, chunguza kwa makini pale kichwa kinapoungana na shingo. Ndipo yanapovunjika yakianguka. Ufa uliogundishwa vizuri unaweza kudumu miaka mingi, ila bei ni lazima iuonyeshe.

Halafu lichomeke. Badilisha swichi ya pikapu katika kila nafasi, uzungushe vifundo vyote huku ukisikiliza, na utikise waya kidogo pale unapoingia. Kukwaruza kwa vifundo husababishwa mara nyingi na vumbi, na tundu lililolegea hukazwa kwa dakika chache, kwa hiyo kasoro hizo zitumie kupatana bei badala ya kuzikimbia. Pikapu isiyotoa sauti kabisa ni jambo zito zaidi. Ukiona jina kubwa kwenye gitaa linalouzwa kwa bei isiyoaminika, linganisha nambari yake ya utambulisho, umbo la kichwa na maandishi yake na yale ya kampuni husika, kwa kuwa magitaa ya kughushi yapo mengi.

Swali: Mwanangu ana miaka 9 na hutumia mkono wa kushoto. Anataka gitaa la umeme, lakini nimeambiwa aanze kwanza na gitaa kavu ili vidole vikomae. Je, ni kweli? Na nimnunulie la mkono wa kushoto?

Jibu: Mzazi mwenzangu, hakuna haja ya kumkomaza vidole kwanza. Nyuzi za gitaa la umeme huwa nyembamba na za chini zaidi kuliko za gitaa kavu lenye nyuzi za chuma, na seti inayoanzia unene wa inchi 0.009 itakuwa rahisi kwake kubana. Kwa umri wake tafuta gitaa dogo, mathalani Ibanez ya toleo la miKro ambayo urefu wa uzi wake ni inchi 22.2, na uliangalie uzito wake akiwa amesimama na mkanda begani, kwa maana magitaa ya kawaida huwa na kilo 3 hadi zaidi ya 4.

Kuhusu mkono, mpe fimbo au ufagio ajifanye anapiga, bila kumwelekeza, umtazame anaugeuza upande gani. Akiushika kwa kushoto kila mara, mtafutie la kushoto, ingawa ya aina hiyo ni machache na bei yake huwa juu kidogo. Jimi Hendrix aligeuza gitaa la kulia na kulifunga nyuzi upya, lakini kwa mtoto sipendekezi, kwa sababu kile kipande chenye mifereji hubidi kibadilishwe na vifundo hubaki juu, pale mkono wake unapopita. Na kama anaonekana kutojali upande, mwanzishie la kulia, kwa kuwa mkono wake wa kushoto ulio mwepesi ndio utakaokuwa ukibana nyuzi, na baadaye atakuwa na magitaa mengi zaidi ya kuchagua.