Spini au spairo? Msomaji anauliza

SWALI: Habari wahariri, niko Uingereza najifunza kurusha glaida, ile ndege isiyo na injini. Mwalimu anasema spini na spairo ni vitu viwili, mimi naona zote tunazunguka tu tukishuka, ntazijuaje?
Msomaji, Uingereza

JIBU: Cheki geji ya spidi kwanza. Kwenye spini bawa limeshakosa nguvu ya kuinua, spidi iko chini na haipandi sana. Kwenye spairo mabawa bado yanafanya kazi, spidi inapanda fasta, upepo unapiga kelele na unakandamizwa kwenye kiti.

Spini: kanyaga pedali ya kinyume na mzunguko mpaka mwisho, sukuma fimbo ya kuongozea ndege mbele bila kuilaza pembeni mpaka mzunguko ukate, rudisha pedali katikati, ndo uvute taratibu.

Spairo, tafadhali sana usianze kuvuta, ukivuta ndege imelala ubavu unazidi kuikaza na mabawa yanaweza kuvunjika, nyoosha mabawa kwanza ndo uvute kidogo kidogo.

Afu ASK 21, glaida ya mafunzo ya viti viwili, ni ngumu kuingia spini, mara nyingi inageuka spairo yenyewe, ndo maana wengine wanaifunga vizito mkiani wakati wa mafunzo. Muombe mwalimu akuonyeshe zote mbili, mkiwa juu ya kutosha.