Jibu: HAProxy inatoa vipimo lakini logi hazifiki Loki

Ndugu, umesema Prometheus (mkusanyaji wa vipimo) inasoma vipimo vya HAProxy (programu inayogawa maombi kwa seva za nyuma) bila shida, ila logi (kumbukumbu za maombi), ambazo Loki ndiyo ghala lake, hazionekani Grafana (dashibodi). Kwa kuwa seva yako inatumia saa za Nairobi, anza kukagua hapo.

Ukiwasha `option httplog` kwenye HAProxy, muda huandikwa bila kutaja kanda ya saa, kwa mfano `09:12:40.118`. Kikusanya logi (hapa ni Alloy) kikiusoma kama UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu), ombi la saa tatu asubuhi linahesabiwa kuwa la saa sita mchana. Loki kwa kawaida hukataa mstari wenye muda ulio mbele ya saa yake kwa zaidi ya dakika 10, ndiyo maana huoni kitu. Kwenye Alloy, ndani ya `stage.timestamp`, weka `location = "Africa/Nairobi"` kisha uiwashe upya.

Kama hata `/var/log/haproxy.log` ni tupu, basi ni chroot (kuifungia programu ndani ya folda moja). HAProxy ikishajifungia ndani ya `/var/lib/haproxy` haiioni `/dev/log` ya nje, kwa hiyo rsyslog (huduma inayoandika logi za seva) lazima ifungue soketi yake kwenye `/var/lib/haproxy/dev/log`.

Tafadhali usifanye IP ya mteja kuwa lebo ya Loki. Kila IP mpya huzaa mkondo mpya wa logi, na Loki itaelemewa upesi.

Kwa kengele ya tahadhari (alert), mimi ningeanza na `haproxy_backend_current_queue`, yaani idadi ya maombi yaliyo kwenye foleni, ikizidi 0 kwa dakika 2. Ikilia, tazama alama ya mwisho wa ombi kwenye logi: `SC` ni seva ya nyuma imekataa muunganisho, `sH` ni programu imechelewa kujibu hadi muda ukaisha. Tiba zake ni tofauti kabisa.