Chubwi zinazobonyea kwenye miamba: laini au ngumu, chagua risasi kulingana na kazi

Mkuu, umeuliza kwa nini chubwi, yaani vizito vya kuzamisha mshipi, ulizosubu (kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu) kwa madini ya risasi ya maganda ya kebo za zamani zinabonyea zikigonga miamba, na kama uvunje betri za gari uchanganye ili zikaze. Betri achana nazo, nitaeleza huko chini. Kazi yangu ni kusubu chubwi hapa Tanga, wateja wangu wengi ni wavuvi wa soko la samaki la Deep Sea, na swali hili linarudi kila msimu.

Risasi tupu ni laini, ukucha tu unaichora. Kinachoikaza ni antimoni, madini mengine yanayochanganywa nayo, na haihitajiki nyingi: asilimia 2 hadi 6 inatosha kabisa kwa kazi zetu. Watu huogopa wakisikia antimoni inayeyuka kwenye nyuzi joto 630 za Selsiasi wakati risasi ni 327. Lakini risasi ikishakuwa maji huimumunya antimoni, na mchanganyiko huyeyuka mapema kuliko risasi yenyewe. Antimoni ikikaribia asilimia 11, nyuzi 252 zinatosha. Ndiyo maana wachapaji wa zamani walisubu herufi zao kwa mchanganyiko wa aina hiyo, wakatia na bati, lile la kulehemu. Mchanganyiko huo unajaza kona zote za kalibu na hausinyai sana ukipoa.

Antimoni hiyo mimi naipata kwenye vizito vya kubalansi magurudumu, kwa mafundi tairi wa Ngamiani. Zamani karibu vyote vilikuwa risasi ngumu. Siku hizi vingi ni chuma au zinki, na zinki ni adui: ikiingia kwenye chungu, risasi inakuwa kama uji wenye mabonge na kalibu haijai. Bana kimoja kimoja kwa koleo la kukatia. Risasi inakubali, zinki inagoma. Kizito kimoja cha zinki kikikuponyoka, hakikisha moto hauzidi nyuzi 400, maana zinki inayeyuka kwenye 419. Itaelea juu pamoja na klipu za chuma, uopoe.

Kujua umepata nini, subu kijiti chenye unene wa kidole, ukiache siku kadhaa kwa sababu risasi ngumu huendelea kukaza baada ya kupoa, kisha kidondoshe kwenye sakafu ya saruji. Laini inatua puu! Ngumu inalia. Halafu kikunje: laini inakunjika kimya mpaka ncha zinakutana, ngumu inakatika, na palipokatika utaona chembechembe za kijivu zinazong'aa.

Sasa hiyo risasi yako ya kebo usiiharibu kwa kuichanganya yote! Risasi za kamba ya chini ya wavu, zile zinazobanwa kwa nyundo, zinataka laini. Ngumu ukiibana inapasuka, na ukingo wake unakata uzi. Ngumu iweke kwa chubwi za mshipi zinazoburutwa kwenye matumbawe, na kwa vizito vya mkuku wa boti vinavyofungwa kwa bolti. Kumbuka pia antimoni ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kalibu ileile itakupa chubwi nyepesi kidogo. Pima kwenye mizani kabla ya kuuza.

Kuhusu betri: sahani zake zimejaa tindikali na unga wa risasi unaopeperuka hadi kwenye nguo na mikono ya watoto. Nyingi za sasa zimekazwa kwa kalisi (calcium), si antimoni. Kalisi ikikutana na antimoni chunguni, taka zinazobaki zikipata unyevu hutoa gesi yenye sumu kali. Hakuna chubwi yenye thamani hiyo.

Fanya kazi nje, upepo ukupige mgongoni, na sufuria ya risasi isirudi jikoni kamwe. Kalibu na vijiko vikauke kabisa, maana tone moja la maji likizama kwenye risasi iliyoyeyuka, mvuke unairusha yote usoni kwako. Ukimaliza, oga na ubadilishe nguo kabla ya kushika chakula au mtoto.