Uvimbe uko kichwani, lakini mgongo nao upigwe picha

Mtoto amepigwa MRI (picha ya mashine ya sumaku), uvimbe umeonekana kisogoni, na familia iliyotoka Kondoa au Mpwapwa inawaza jambo moja tu: upasuaji ni lini? Kabla hamjafika huko, mwulizeni daktari: mgongo umeshapigwa picha?

Ubongo na uti wa mgongo vinaelea kwenye maji yale yale. Mtu mzima ana takriban mililita 150, na mwili hutengeneza kama mililita 500 kwa siku, kwa hiyo maji hayo hayatulii. Uvimbe uliopakana nayo, hasa meduloblastoma ya watoto na ependimoma (aina mbili za saratani ya ubongo), huachia seli zake humo. Aliyeona mto Bubu ukishusha mchanga hadi kinamasi cha Bahi ataelewa haraka: seli husafiri, kisha hutuama chini, mara nyingi kiunoni, penye mishipa ya fahamu ya miguu na kibofu. Katika watoto watatu wenye meduloblastoma, kwa takriban mmoja huwa imeshasambaa siku inapogunduliwa. Glioblastoma, saratani nyingine ya ubongo inayowapata zaidi watu wazima, haina tabia hiyo sana. Yenyewe hutambaa ndani ya ubongo, ikifuata nyuzi zinazounganisha kushoto na kulia.

Kwa uvimbe unaopita kwenye maji, MRI ya kichwa na mgongo mzima, yenye dawa ya kung'arisha picha, ifanyike kabla ya upasuaji. Mgongo mzima ni kuanzia shingoni hadi chini kabisa ya kiuno. Mkiona fomu imeandikwa kiuno peke yake, ulizeni. Gharama inauma, tunajua. Lakini mkiahirisha, damu inayoshuka baada ya upasuaji hufanana na saratani kwenye picha, na hapo mtalazimika kusubiri siku 10 hadi 14 ndipo picha isomeke vizuri.

Muda huo huo husubiriwa kwa kipimo cha maji ya mgongoni, kinachotafuta seli hizo. Wakati uvimbe bado umeziba njia ya maji na presha ya kichwani iko juu, kumchoma mtoto sindano ya mgongo ni hatari kubwa: ubongo unaweza kushuka, ukabanwa kwenye tundu la chini ya fuvu, pumzi ikakata. Maji yakishatolewa yapelekwe maabara mara moja, maana seli hufa upesi. Na jibu moja safi halitoshi kusema hajasambaa. Linasomwa pamoja na picha.

Mionzi ya meduloblastoma hupigwa ubongo wote na mgongo wote, kisha huongezwa pale uvimbe ulipokuwa: siku 5 kwa wiki, kwa takriban wiki 6. Mkipewa rufaa kwenda Ocean Road, taasisi ya saratani, tafuteni mahali pa kulala Dar es Salaam kwa muda wote huo, kwa sababu siku zinazorukwa hupunguza nguvu ya tiba. Bebeni CD ya picha zenyewe pamoja na jibu la patholojia, yaani la maabara iliyopima kipande cha uvimbe. Karatasi ya ripoti haitoshi.

Mkirudi nyumbani, maumivu mapya ya mgongo yanayomwamsha usiku msiyaite uchovu wa shamba. Miguu ikilegea, mkojo ukigoma au ukitoka bila yeye kujua, au akifa ganzi sehemu za kukalia, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama tarehe ya kliniki ni kesho.