Akiba ya umeme katika shule za mbao za Japani hutoka wapi

Ndugu uliyeuliza kama ujenzi wa jadi wa Kijapani hupunguza kweli matumizi ya umeme shuleni, au ni urembo tu: nilifanya kazi miaka miwili kisiwani Shikoku chini ya fundi seremala mzee aliyekarabati madarasa ya mbao, na ninaamini kwamba hupunguza, ila akiba haitoki pale wengi wanapopatazamia.

Wageni huvutiwa na viungio vya ulimi na tundu visivyo na misumari. Vina faida yake, kwani nguzo iliyooza chini hukatwa na kuungwa kipande kipya bila kubomoa jengo, lakini joto la darasa huamuliwa na upenu, yaani ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta. Huko jua la adhuhuri hupanda hadi pembe ya nyuzi 80 hivi kutoka upeo wa macho mwezi Juni, na mwezi Desemba huishia karibu nyuzi 33, kwa hiyo upenu mrefu wa upande wa kusini hukinga dirisha wakati wa joto na kuruhusu jua liingie wakati wa baridi. Fundi wetu alifunga uzi kwenye ncha ya upenu, akauvuta hadi sakafuni kwa pembe ya jua la Desemba, akatia alama ya chaki. Mwanga ungefika safu ya tatu ya madawati.

Kuhusu taa, itazame shule ya msingi ya Hizuchi mjini Yawatahama, iliyosanifiwa na Masatsune Matsumura na kukamilika mwaka 1958. Si ya jadi kwa maana kamili, kwa kuwa ina vyuma pamoja na mbao, lakini ushoroba wake umetengwa na madarasa kwa vibustani, hivyo kila darasa hupata mwanga na upepo kutoka pande mbili.

Kuta za jadi ni fito za mianzi zilizofungwa kwa kamba na kukandikwa udongo uliochanganywa na mabua ya mpunga, ukaachwa uchachuke. Harufu yake hukaa mikononi siku nzima. Aliyewahi kukandika nyumba kwetu ataielewa kazi hiyo mara moja. Udongo hufyonza unyevu na kuchelewesha joto, ila hauzuii baridi vya kutosha, na kwa hiyo ukuta wa kaskazini nisingeujenga bila tabaka la kuhifadhi joto.

Jambo lililoniuma ni shule moja ambako matundu ya hewa yaliyo juu ya milango yalizibwa kwa mbao siku viyoyozi vilipofungwa, joto likabaki limenasa chini ya dari na mashine zikawashwa tangu asubuhi. Tuliyafungua tena na kuyawekea vilango vya kuteleza, vifungwe tu kiyoyozi kinapofanya kazi, na majira yaliyofuata walimu walikuwa wakingoja hadi karibu na adhuhuri kabla ya kukiwasha.